Herufi za Kusomeka Ng'ambo ya Barabara

Karakana ya mabango
Jumapili, 4 Februari

Profesa wangu,

Salaam nyingi kutoka kwa baba yako mwenye rangi mpaka ndani ya masikio. Mama yako anataka nianze kwa kukuuliza kama ulifika salama. Dereva wa lori la unga ameshaniambia kwamba ulifika, begi likafika, na ulilala njia nzima mdomo wazi. Kwa hiyo tuingie kwenye habari yenyewe.

Ukuta umekamilika! Ule wa mbele, unaotazama barabara. Nimeandika: MWANANGU WA KWANZA KATI YA WOTE DARASANI. HISABATI MIA KWA MIA. Chini yake: KARAKANA YA BABA PROFESA, MABANGO YA KILA AINA. Nimetumia nyekundu yenye kivuli cheusi, kama lile bango la duka la dawa, kisha nikavuka barabara kuhakikisha inasomeka. Inasomeka. Mwenye macho hana kisingizio.

Kinyozi anasema sasa ninakutangaza wewe kuliko kazi yangu. Nikamwambia yeye amezoea kushughulika na nje ya vichwa vya watu, ya ndani atuachie sisi. Fundi saa alicheka mpaka akadondosha skrubu, wakaitafuta hadi jioni.

Na bado watu wa benchi la hapa nje ya karakana wanasimulia yale mahesabu uliyowapigia likizo. Walikutajia namba ndefu kama magari ya moshi, nawe ukawajibu macho umefumba! Kinyozi aliniuliza mbona mtoto anafumba macho. Nikamwambia akili ya aina hiyo inafanya kazi kwa ndani, haihitaji madirisha.

Shule yenu imepiga marufuku simu, nami naishukuru, maana simu huwezi kuibandika ukutani. Wewe andika. Kila Ijumaa lori likirudi nasoma barua yako benchi, na watu wanaacha kazi kusikiliza. Ila usiniandikie mwandiko wa sisimizi. Nilikufundishaje? Herufi ziwe za kusomeka ng'ambo ya barabara.

Baba yako,
Fundi Mabango


Shuleni
Ijumaa, 16 Februari

Shikamoo Baba. Shikamoo Mama. Na watu wa benchi hamjambo, najua mnasikiliza. Fundi saa, ile skrubu ilipatikana?

Mimi ni mzima. Mwalimu wa hisabati amenipa maswali ya kidato cha juu, akawa anayasoma kwa sauti, mimi najibu kwa mdomo, yeye anaandika ubaoni. Darasa zima lilipiga meza. Kwa hiyo, Baba, hiyo unaweza kuwasomea tena.

Nimehamia dawati la mbele kabisa. Nakaa na msichana anayelala kitanda cha juu yangu. Yeye ananiita Jirani na mimi namwita Jirani, mpaka walimu wamekata tamaa na sisi. Ana sauti nzuri ya kusoma. Jioni ananisomea vitabu na mimi namfanyia hesabu, tumegawana kazi.

Naomba vitu vitatu. Kwanza, ile kalamu yako nene nyeusi ya kuchorea mipaka. Pili, karatasi zisizo na mistari. Tatu, kofia yenye ukingo mpana, jua la huku ni kali sana mwaka huu.

Baba, huo ukuta mvua ikinyesha hautafutika? Na kama mtu akitaka kuufuta, inachukua muda gani?

Mwanao,
Profesa


Karakana ya mabango
Jumapili, 18 Februari

Profesa!

Ijumaa nilipofungua bahasha yako nilipiga kelele mpaka mbwa wa jirani akaitika. Herufi gani hizo! Nilibandika barua mlangoni kwa gundi, nikavuka barabara, nikasimama mbele ya duka la magodoro, nikaanza kusoma. Nimesoma "Shikamoo Baba" kutoka ng'ambo, mwanangu, magari yakipita katikati! Miaka yote nakwambia, herufi ndogo ni za mtu anayeomba radhi, herufi kubwa ni za mtu asiyeogopa. Sasa umenielewa.

Mama yako, unamjua, hana dogo. Aliibandua ile barua, akakaa nayo kitandani, akaniuliza mbona mwandiko wa mtoto umebadilika, mbona maneno matatu yanajaza mstari. Nikamwambia hiyo ni damu ya mabango imechemka, ilichelewa tu. Akasema, "Na mbona mistari inapanda kama ngazi?" Nikamwambia mchoraji mzuri hafungwi na mistari. Akaenda kuanua nguo.

Kalamu nakutumia, nimekuwekea na ya akiba. Karatasi ni zangu za kuchorea, hazina mistari, zijaze. Kofia ni yangu pia, ile ya kupandia ngazi. Ina doa la kijani, watu wakikuuliza waambie ni nishani.

Ukuta haufutiki. Nimepaka rangi ya mafuta. Na aufute nani, mimi nikiwa hai?

Baba yako,
Fundi Mabango


Shuleni
Ijumaa, 2 Machi

Kwa Mama, Mama peke yake.

Shikamoo Mama. Naomba uje siku ya wazazi, Jumamosi ya tarehe kumi na saba. Uje wewe, Baba abaki na kazi. Ukifika usinisubiri getini. Njoo mpaka bwenini, uniite kwa sauti.

Kuna jambo nataka kukwambia nikiwa nimekushika mkono. Sijafanya ubaya wowote, nakuapia. Likizo nilijaribu. Unakumbuka asubuhi ile nilikufuata jikoni nikasimama tu, ukaniuliza una nini? Nilikuwa naanza kusema, Baba akaniita benchi nikawapigie watu mahesabu.

Mama, nakuomba usimpe Baba barua hii. Akiisoma benchi nitakufa.

Mwanao


Karakana ya mabango
Jumapili, 4 Machi

Profesa wangu,

Kwanza nikuombe msamaha mdogo. Barua ya mama yako nimeifungua mimi. Dereva alinipa mkononi, na mkono umezoea, nikaichana na kuanza kusoma benchi kama kawaida. Nilipofika pale "Mama peke yake" nikasita, lakini watu wakasema endelea, endelea, basi nikaendelea kidogo. Nilipoona "usimpe Baba" nikaikunja. Kinyozi akasema mtoto amekua huyo, ana siri na mama yake. Wakacheka, na mimi nikacheka nao. Iliniuma kidogo, sikufichi.

Mama yako hayupo. Bibi yako aliteleza bafuni akaumia nyonga, na mama yako ameenda kumuuguza, hatarudi kabla ya mwisho wa mwezi. Barua yako nimemwekea, ataikuta. Mambo yenu ya kike mtazungumza likizo, hayaozi.

Siku ya wazazi nakuja mimi. Nimejinunulia shati jeupe la mikono mirefu, hata kinyozi alilisifu alipoliona. Walimu wako watajua profesa ametokea wapi.

Andaa hayo matokeo ya mtihani wa nusu muhula. Nimeshaacha nafasi ukutani.

Baba yako,
Fundi Mabango


Karakana ya mabango
Jumapili, 18 Machi

Wewe mtoto,

Sianzi kwa salaam, kwa sababu jana ulininyima yangu.

Nilifika mapema kuliko wazazi wote. Mwalimu wa darasa alikuwa na meza barazani, akanipa matokeo yako. Nilimwambia ameshika karatasi ya mtoto mwingine. Akanionyesha jina. Uko karibu na mkia wa darasa! Hisabati umepata thelathini, na ukurasa wa pili hukuugusa kabisa, mweupe kama ulivyotoka kiwandani. Nilimuuliza mwalimu, mtoto wangu anaumwa? Akasema anachangamka kama kawaida, anajibu vizuri kwa mdomo, labda ameanza uvivu.

Nikajipa moyo. Nikajiambia nikimwona nitamuuliza taratibu. Nikasimama kwenye njia ya kutokea bwenini. Ukaja. Umeshikana kiwiko na msichana mwenzako, kofia yangu kichwani. Nilitabasamu. Sikusema kitu, nilitaka nikushangaze.

Ukanitazama usoni. Usoni kabisa, mwanangu, ningenyoosha mkono ningekugusa. Ukapita.

Huyo mwenzako hanijui, simlaumu. Wewe unanijua. Nilijitazama kuanzia viatu mpaka juu. Shati lilikuwa jipya, lakini mikono ni ileile, na rangi ya kwenye kucha haitoki hata kwa mafuta ya taa. Wazazi wengine walikuwa wanashuka kwenye magari yao. Ndipo nikaelewa kwa nini ulitaka mama yako aje na si mimi. Ungeniambia tu kwamba unaniona aibu, nisingepoteza nauli na heshima yangu.

Mfuko wa vitu nilivyokuletea nimemwachia mlinzi. Sikutaka kukuharibia siku.

Niliporudi nilishika brashi na kupaka rangi nyeupe ukuta mzima, mchana, watu wakinitazama. Uliniuliza kuufuta kunachukua muda gani. Hakuchukui muda.

Baba yako


Shuleni
Ijumaa, 23 Machi

Shikamoo Baba.

Huu si mwandiko wangu. Mimi nasema, Jirani anaandika. Dereva anashusha magunia ya unga, akimaliza anaondoka, kwa hiyo nasema haraka.

Barua yako sikuisoma. Nilisomewa. Siwezi tena kusoma barua ya mtu yeyote. Jirani alinisomea kitandani, alipofika pale pa mikono yako akataka kuacha, nikamwambia endelea, na wenzetu bwenini wote wakasikia.

Baba, sikukuona. Naomba unisikilize, sikukuona. Niliona kitu cheupe kirefu kando ya njia, nikadhani ni nguzo. Ungesema neno moja. Ungekohoa tu, ningekujua. Kikohozi chako nakijua hata nikiwa usingizini.

Macho yalianza kuuma kabla ya likizo. Mwanga ukawa unachoma, ndiyo maana nilifumba macho nikipiga mahesabu benchi. Nilidhani yataacha. Nesi wa shule alinipa dawa, akasema ni vumbi. Halafu herufi zikaanza kuyeyuka, nikawa naandika kubwa ili nione ninachoandika. Ukasema ni herufi za mtu asiyeogopa. Niliogopa kila siku.

Kwenye mtihani walitutenganisha, mimi na Jirani. Ukurasa wa pili sikujua kama upo.

Nilikuwa nimepanga kumwambia Mama. Wewe niliogopa kukwambia kwa sababu ya ukuta. Niliona utasimama pale mbele ya kinyozi na wenzake, unafuta. Sikutaka wakuone hivyo. Sasa umeshafuta, na mimi bado sioni.

Sijawahi kuona aibu kwa mikono yako. Naomba uniamini hilo hata kama mengine huamini.

Nisamehe Baba.
Mwanao

(Mzazi, shikamoo. Hapa ninaandika mimi Jirani, yeye hajui. Hali ni mbaya kuliko anavyosema. Juzi alianguka kwenye ngazi za maktaba. Jicho la kushoto hata nikimwekea tochi hasemi kitu, na la kulia limekuwa jekundu lote. Analia na kulia kwenyewe kunamuuma. Mwalimu wa zamu nimemwambia leo, amesema Jumatatu watalizungumzia. Mimi naona Jumatatu ni mbali. Njooni.)


Mlangoni pa karakana
Ijumaa, 23 Machi

Mama Profesa,

Nimekupigia, simu yako imezimwa. Ukifika hapa leo au kesho utaona mlango umefungwa, usiulize watu, soma hii.

Nimeondoka na dereva, amegeuza lori bila hata kuzima. Mtoto haoni. Si mafua wala homa, haoni. Ninampeleka hospitali ya macho usiku huu huu, shule wakikubali wasikubali. Tufuate huko.

Kuna barua alikuandikia wewe tangu mwanzo wa mwezi. Iko chini ya kopo la rangi nyeupe. Tulipozungumza kwenye simu nilitaka kukutajia, sikukutajia. Usije ukadhani nilisahau. Niliona wivu kwamba amekuandikia wewe.

Mke wangu, mimi nilisimama mbele yake. Alinitazama na macho hayaoni, na mimi nikakasirika.

Njoo upesi.


Hospitali ya macho, wodi ya wanawake
Jumapili, 8 Aprili

Baba Profesa,

Salaam. Nimepata nafasi ya kuandika kwa sababu amelala. Bibi anaendelea vizuri, dada yangu yuko naye, hilo usiliwazie.

Wamemfanyia upasuaji wa jicho la kulia Ijumaa. La kushoto wamesema limekwisha. Nilimuuliza daktari mara tatu, nikidhani ataona huruma abadilishe jibu. Akasema kulikuwa na uvimbe ndani ya macho yote mawili, na uvimbe huo ukipata dawa mapema unatulia. La kulia hajui. Wamelifunga. Watafungua Jumatatu ya wiki ijayo, tarehe kumi na sita, ndipo tutajua kama ataona, na kama ataona, ataona kiasi gani.

Daktari aliniuliza ilianza lini. Mimi ni mama yake na sikujua. Nikakumbuka barua, unajua nilizikusanya zote nikaja nazo. Nikampa. Akazipanga kwenye shuka miguuni pa mtoto, moja baada ya nyingine, tangu za mwaka jana. Halafu akaweka kidole kwenye ile ya Februari, ile uliyovuka nayo barabara. Akasema, "Hapa. Hapa tungemuwahi yote mawili."

Sikuandikii hili kukuchoma, mume wangu. Na mimi nililiona lile na nikaenda kuanua nguo.

Najua uliumia siku ile hapa wodini alipogeukia ukuta ulipomwita. Na najua wodi hairuhusu zaidi ya mtu mmoja wa kukaa na mgonjwa, vinginevyo ungelala mlangoni. Barua zako tano nimezipokea. Ya kwanza nilianza kumsomea, nikafika "Mwanangu," akaziba masikio. Anasema hataki kusomewa barua yoyote tena maisha yake yote. Anasema barua ya kusomewa ni ya watu wote, na yeye amechoka kuwa wa watu wote. Nikamwambia wodini tuko wawili tu. Akasema, "Mama, hata wewe ni mtu."

Hizo nyingine nne ziko chini ya mto wake. Anazigusa, lakini nikishika moja tu ananipokonya.

Chakula hali vizuri. Jana nilimsikia anahesabu taratibu, namba kubwa kubwa, anazidisha na kugawanya. Nilimuuliza anahesabu nini. Akasema, "Naangalia kama bado zipo."

Usije kwanza. Nitakwambia.

Mkeo


Karakana ya mabango
Alhamisi, 12 Aprili

Mama Profesa,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimefunga mlango. Kinyozi aligonga, akauliza kuna habari gani za mtoto. Nilimwambia sina. Alikaa nje kwa muda, halafu akaondoka. Tangu nirudi sijawaambia kitu, nao wamejua, benchi limekaa tupu kana kwamba kuna msiba.

Silali. Nikifumba macho naona kidole cha daktari. Mimi, mke wangu, mimi ambaye kazi yangu ni kutazama herufi! Mtu akinipa bango lenye herufi moja iliyozidi unene nitakwambia tangu mwanzo wa mtaa. Mtoto ameniletea barua ambayo kila herufi ilikuwa inapiga kelele, nikaibandika mlangoni nikaita watu. Kama kuna mtu angepaswa kuona ni mimi, na kama kuna mtu asingeweza kuona ni mimi pia, kwa jinsi nilivyokuwa nimevimba kichwa. Nilikuwa nikisoma sifa zangu mle.

Ule ukuta umeanza kunisuta. Nyekundu ya mafuta inajitokeza chini ya nyeupe, nilipaka kwa hasira bila kupiga msasa. Ukisimama karibu unaona MWANANGU, ya pinki, kama kovu. Mengine hayajatoka. Sitapaka juu yake, na wala sitaandika kingine.

Dereva anakuletea mzigo. Ni ubao, umefungwa kwa gunia, ni mzito kidogo. Nakuomba sana, usimsomee. Usimwambie kilichoandikwa, na wewe mwenyewe usikitazame, geuza uso kama unaweza. Ulaze mapajani pake, ushike mkono wake wa kulia, uuweke kwenye kona ya juu kushoto, kisha uache. Atajua. Alipokuwa mdogo, kabla hajajua kusoma, nilikuwa nampa herufi za mbao nilizozikata kwa ajili ya mabango ya maduka, anazipapasa chini ya meza wakati nafanya kazi. Alijua zote kwa vidole kabla hajazijua kwa macho.

Nimezikata kwa plaiwudi, nikazipiga msasa mpaka zisiwe hata na kibanzi kimoja, nikazibandika kwa gundi ya mbao. Nilizivunja na kuzirudia. Sikupaka rangi. Nilitaka kuandika mengi, ubao hautoshi, na nadhani mengi ndiyo yaliyonifikisha hapa.

Nikipata jibu au nisipate, Jumatatu nitakuwa nje ya geti la hospitali. Ndani sitaingia mpaka aniite.

Mumeo


(Ubao, uliofungwa kwa gunia)

MWANANGU
HII NI YAKO TU
SIJAMSOMEA MTU
SITAKI UWE WA KWANZA
NAKUTAKA WEWE
BABA


Wodi ya wanawake
Jumapili, 15 Aprili

Baba

Nimeisoma mwenyewe.

Naandika macho yamefungwa na kalamu yako nene. Mistari ikipandana usinilaumu. Mama nimemgeuzia dirishani.

Nilisoma mara moja haraka na mara ya pili polepole. Kwenye BABA kuna kibanzi, A ya mwisho, kimenichoma kidole. Usikitoe. Ndicho kilichoniambia mkono ulikuwa wako.

Zile nne chini ya mto nitazisoma kama jicho litakubali. Kama halitakubali utanikatia na hizo.

Kesho wanafungua. Usisimame getini. Ingia, na ukifika mlangoni ukohoe.

Baba naogopa. Naogopa sana. Naogopa kukuangalia na kuona tena kitu cheupe.

Hii usimsomee mtu.

Mwanao